Njaa ya Februari Huanzia Julai

Anayepita Kibaigwa mwezi wa Julai, katika barabara kuu inayotoka Morogoro kwenda Dodoma, hawezi kulikosa soko la mahindi. Malori yamepangana, wachukuzi wanapandisha magunia mabegani, na vumbi la nafaka limetanda hadi kwenye vioo vya mabasi. Miezi saba baadaye, katika vijiji vilivyo mwendo wa saa moja au mbili kwa baiskeli kutoka sokoni hapo, mama anasimama mbele ya duka na kununua mahindi kwa sado, kwa bei iliyopanda tangu mavuno, na huenda mahindi hayo ni yale yale yaliyotoka shambani kwake, yakasafiri, yakarudi.

Mimi ni mzaliwa wa wilaya hiyo ya Kongwa, na kwa miaka mingi niliamini, kama wengi wetu, kwamba njaa ya Februari huletwa na mvua. Mwaka ukiwa mbaya tunasema mvua ilikatika mapema; mwaka ukiwa mzuri tunasema Mungu amejalia. Nguvu ya mvua siibishii. Dodoma hupata kwa wastani milimita zisizofika 600 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hunyesha kati ya Desemba na Machi, hivyo wiki tatu za jua kali mwezi wa Januari zinatosha kuunguza shamba zima. Waingereza walioleta matrekta Kongwa mwaka 1947 ili walime karanga walilijua hilo kwa gharama kubwa, maana mpango wao uliwapotezea zaidi ya pauni milioni 30 kabla ya kuachwa mwaka 1951. Hata hivyo mvua haielezi jambo moja ambalo kila aliyekulia kijijini kwetu amelishuhudia: mwaka ambao mvua imenyesha vizuri na vihenge vimejaa, Februari bado hufika na njaa yake. Chanzo chake nakiona katika wiki sita au saba za baada ya mavuno, wakati familia inapoamua, au inapoamuliwa, gunia lipi libaki na lipi liondoke.

Wanaoishi pwani, Tanga, Kilimanjaro au kando ya Ziwa Victoria wana mvua mbili: vuli, ya kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, ya Machi hadi Mei. Vuli ikiharibika, masika huenda ikaokoa. Sisi wa Dodoma, pamoja na Singida, Tabora, Rukwa, Ruvuma na maeneo mengine ya kati, magharibi na kusini, tuna mvua moja tu, ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huitaja katika utabiri wake kuwa mvua za msimu, ya kuanzia Novemba hadi Aprili. Tofauti hiyo ni mstari mwembamba kwenye ramani lakini jikoni ni pengo kubwa. Familia yenye mavuno mamoja inapaswa kula kwa miezi kumi na miwili kile ilichokivuna ndani ya mwezi mmoja na nusu, na ikikosea hesabu, hakuna mahali pa kuisahihisha hadi mwaka mwingine.

Februari ndipo hesabu hiyo inapodaiwa. Palizi imepamba moto, shamba la kijani linampendeza abiria anayelipiga picha akiwa ndani ya basi, na ndani ya nyumba hakuna unga. Nakumbuka jinsi mama alivyokuwa akipima. Julai alichota unga kwa mkono bila kuutazama, akiendelea kuzungumza na jirani huku akisonga. Kufikia Januari alikuwa akitumia kikombe cha bati chenye mstari aliouchora kwa ncha ya kisu upande wa ndani, na unga haukuruhusiwa kuuvuka mstari huo. Katikati ya Februari alichora mstari wa pili, chini ya ule wa kwanza. Ugali ulipungua, mlenda ukaongezeka, nasi watoto tukafundishwa kuusifia mlenda. Chakula cha mchana kilisemekana kuwa kitaliwa shambani, maana yake hakikuwepo, kwa kuwa mtu aliyetoka shambani haulizwi amekula nini. Mateso hayo yalilegea Machi, siku ambayo majani ya maboga yalitosha kuchumwa na mahindi mabichi ya kwanza yakaingia ndani ya nyumba yakiwa na nywele zake bado, na kikombe cha bati kikarudishwa rafuni.

Katika wiki hizo chache ndipo umaskini unapojizaa. Mwenye njaa hawezi kupalilia shamba lake huku watoto hawajala, kwa hiyo anakwenda kulima kibarua kwa jirani mwenye akiba, analipwa mahindi au pesa ya siku hiyo, na palizi yake mwenyewe inachelewa wiki mbili. Magugu hayamsubiri. Shamba lililochelewa kupaliliwa huvunwa pungufu, na aliyepungukiwa mwaka huu ndiye atakayekuwa kibarua mwakani. Ongeza malaria, ambayo hushika kasi wakati huo huo wa mvua, na utaona kwamba homa ya siku tano ya mtu mzima mmoja inaweza kugharimu gunia zima la Juni. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua nani tajiri na nani maskini kijijini asihesabu mabati ya paa. Aende Februari aone nani anaajiri palizi na nani anaajiriwa.

Mikoa mingine ina njia chungu zaidi za kuvuka miezi ya shida, nazo zina majina. Kagera kuna butura, ambayo ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida. Mtwara na Lindi kuna kangomba, yaani korosho kununuliwa kwa kificho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa kipimo kinachompunja muuzaji. Zote mbili zimepigwa marufuku na serikali, na zote mbili bado zinasikika, kwa sababu katazo halimpi mtu chakula cha jioni hiyo.

Sasa Julai. Kwa nini mtu anayejua fika kwamba bei itapanda anauza bei ikiwa chini? Maelezo ya mjini ni kwamba mkulima hana nidhamu ya pesa: akivuna anaoa mke wa pili na kununua redio. Nimeyasikia maelezo hayo ofisini kutoka kwa watu ambao mshahara wao huisha tarehe kumi na tano, wala hawaoni haya. Ukweli ni kwamba madeni yote ya mwaka yamepangwa yaivie siku moja na mahindi. Mbegu na mbolea zilizokopwa Novemba hulipwa kwenye mavuno. Dukani, sukari na sabuni za miezi mitano zimeandikwa katika daftari ambalo ukurasa wake wa mwisho huitwa mavuno. Michango ya kijiji hudaiwa wakati huo, kwa kuwa viongozi nao wanajua lini kuna kitu ndani ya nyumba. Nyumba hujengwa kiangazi, kwa sababu tofali halikauki kwenye mvua, na harusi na ngoma hufanyika kiangazi, kwa sababu ndipo kuna nafasi na kuna pombe. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni upuuzi. Ubaya wake ni kwamba yote yanagonga hodi mwezi mmoja, na mkononi kuna mali moja tu.

Mnunuzi anafahamu hilo kuliko yeyote. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilipomwona wa kwanza akipima nyumbani kwetu. Alikuja na debe lake mwenyewe, ambalo kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nje kikavimba kama tumbo. Alimimina mahindi, akalikamata debe masikioni, akalitikisa mara tatu, mahindi yakashuka; akaongeza, akalisukuma kwa goti, yakashuka tena; kisha akarundika juu mpaka yakafanya kichuguu na punje zikaanza kuporomoka pembeni. Zile zilizoporomoka mama aliziokota moja moja. Madebe sita kwa kawaida hufanya gunia. Kwa debe lile sijui yalifanya nini, ila baba alilipwa madebe sita. Leo kuna mizani sehemu nyingi, na sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, lile gunia lililoshonewa kofia juu, bado linapandishwa malorini mchana kweupe. Muuzaji anaweza kukataa, bila shaka. Basi lori litakwenda kwa jirani.

Sababu nyingine ya haraka hiyo ni woga, nayo inahitaji kuelezwa vizuri kwa sababu wengi wasiokaa kijijini hawaifahamu. Wahenga walisema akiba haiozi, na nadhani walisema hivyo kabla ya kukutana na dumuzi. Mdudu huyu, mweusi na mdogo kuliko punje ya mchele, ana asili ya Amerika ya Kati na aligunduliwa nchini katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walimpa jina la Scania, kwa kumfananisha na lori lisiloshindwa na mzigo. Fukusi wa zamani alimtoboa mtu punje chache, nawe ukapeta ukala. Scania hubadilisha gunzi zima kuwa unga, unga usiofaa kusongwa, na ukitega sikio kando ya kihenge usiku unamsikia akitafuna. Bibi yangu alikuwa na akiba ya uwele ambayo ilikaa zaidi ya mwaka bila kuguswa. Mahindi ya mwanawe hayakufika Krismasi. Aliyepoteza nusu ya kihenge mara moja hahitaji kushawishiwa na mnunuzi kwamba pesa mkononi ni salama kuliko nafaka chumbani.

Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo inayotokana na kuvu. Tukio lile liliwafundisha wengi kwamba nafaka inaweza kuonekana nzima na bado ikaua. Dawa yake inaanza mapema, kabla ya ghala: mahindi yakaushwe hadi unyevu wake usizidi asilimia 13 hivi, juu ya turubai na si juu ya udongo, na yasifungiwe yakiwa na joto la jua. Kipimo cha mtu asiye na mashine ni chupa kavu na chumvi kavu. Unatia punje na chumvi kidogo, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka tatu, miwili ya ndani ya nailoni na mmoja wa nje wa kusokotwa, inayofungwa mdomo kila tabaka peke yake hata wadudu wakose hewa wafe bila dawa. Mifuko hiyo inafanya kazi, nimeitumia. Lakini inauzwa kwa pesa taslimu, mwezi wa Julai, na tumeshaona mwezi wa Julai una wageni wangapi mlangoni.

Tatizo la ndani zaidi ni kwamba mahindi ni chakula na ni pesa kwa wakati mmoja. Korosho hailiwi ikakushibisha, pamba hailiwi kabisa, kwa hiyo anayeziuza hajiulizi atakula nini Februari kutokana nazo. Mtama na uwele vilikuwa na soko dogo, kwa hiyo vilibaki nyumbani kwa kukosa mnunuzi, na kukosa mnunuzi huko kulikuwa ulinzi. Mahindi hayana ulinzi huo. Kila gunia lililosimama chumbani ni hoja inayoweza kufunguliwa upya jioni yoyote. Na katika nyumba nyingi nilizozijua, anayeuza na anayepima si mtu mmoja: baba ndiye anayesimama na mnunuzi uani, mama ndiye atakayekuwa na kikombe cha bati. Sisemi kwamba wanaume ni wabaya. Baba yangu aliuza magunia saba mwaka mmoja ili kaka aende sekondari, na hakunywa hata chupa moja ya pesa ile. Nasema tu kwamba uamuzi wa Julai unafanywa na mtu ambaye gharama zake za Februari zitamfikia zikiwa zimepoozwa, sahani yake ikiwa imepakuliwa kwanza.

Shule nayo inafuata kalenda isiyotujali. Mwaka wa masomo huanza Januari, katikati ya palizi, wakati ambapo akiba ni ndogo na bei iko juu. Ada za kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma ziliondolewa kuanzia mwaka 2016, na huo ulikuwa msaada wa kweli. Lakini sare, madaftari, viatu, na godoro la anayekwenda bweni havikuondolewa. Fomu ya kujiunga hufika nyumbani pamoja na mvua. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huuza Julai ili ahifadhi pesa ya Januari, pesa hiyo inayeyuka kufikia Oktoba, na Januari anauza mbuzi. Angeliweka gunia lenyewe hadi Januari angelipata zaidi, kama Scania asingelitangulia.

Serikali ina vyombo vyake, nami sitakaa sana hapo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi na kuyatunza kwa ajili ya upungufu, kazi ya lazima kabisa, lakini hununua mahindi makavu yaliyofikia viwango, na mwenye deni la duka huuza kabla mahindi yake hayajakauka. Amri za soko nazo huweza kuangukia palepale penye jeraha: mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ulipigwa marufuku mwezi wa Juni, mavuno yakiwa yanaingia. Stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima huweka mazao katika ghala kuu na kupewa hati yake hadi yauzwe, uliowekewa sheria mwaka 2005, umeota mizizi katika korosho na ufuta kwa sababu mazao hayo huuzwa yote kwa mkupuo. Familia ya mahindi haiuzi hivyo. Inauza debe leo kwa ajili ya dawa ya mtoto, debe keshokutwa kwa ajili ya msiba, na hakuna ghala kuu lililojengwa kwa ajili ya debe moja.

Chombo ninachokiona kuwa karibu zaidi na uamuzi wenyewe ni kikoba. Karibu kila kijiji kina vikundi vya kuweka na kukopa, wengi wa wanachama wake wakiwa akina mama, na karibu vyote nilivyovijua huvunja na kugawana Desemba. Sababu inaeleweka: sikukuu, na baada ya sikukuu, shule. Lakini tazama matokeo yake. Pesa ya kikundi inatoka wakati nafaka imeshauzwa, na haipo Julai, mwezi pekee ambao ingeweza kuizuia isiuzwe. Kama mgao ungefanyika mwishoni mwa Juni, deni la duka na la mbolea lingelipwa kwa pesa hiyo, mifuko ya tabaka tatu ingenunuliwa, na magunia yangebaki chumbani hadi Januari, ambapo gunia moja lingefanya kazi ambayo sasa inafanywa na magunia mengi zaidi.

Niliipeleka hoja hii, nikiwa na karatasi na hesabu zangu, kwenye kikundi ambacho dada yangu ni mtunza hazina wake. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye ameketi katika kikundi hicho tangu kianzishwe, akaniambia kwamba mwanangu hesabu zako ni nzuri, ila umesahau nani yuko nyumbani mwezi wa Juni. Juni shamba limekwisha na mwanamume ameketi uani; pesa ikitoka ataiona ikiingia mlangoni, na harusi ya mpwa wake iko wiki ijayo. Desemba mwanamume yuko shambani anapanda, na tena watoto wanasubiri sare, kwa hiyo pesa ina mtetezi. Walicheka wote, hata dada yangu. Baada ya mabishano marefu wakakubaliana kujaribu: theluthi ya hisa itoke Juni, lakini isitoke mikononi mwa mtu kama noti. Kikundi kitanunua mifuko na kulipa madeni ya pembejeo moja kwa moja, na kila mwanachama atapeleka magunia mawili yaliyopimwa kwa chupa ya chumvi kwenye chumba kimoja chenye kufuli tatu, ambazo funguo zake zitakaa kwa akina mama watatu wa vitongoji tofauti. Chumba hicho ni stoo ya zamani ya kuhifadhia pamba, na mara ya mwisho nilipopita walikuwa wakibishana kuhusu kuziba tundu la panya kwenye kona ya mashariki.